Nane Iliyolala

Lenzi hii niliiokota sokoni Tartu,
kwenye sanduku la vijiko visivyo na wenzake,
kwa bei ya mikate miwili.
Pembeni mtu amechora herufi mbili kwa msumari,
jina ambalo hapana tena wa kulimalizia.
Ndani ya kioo mna kuvu,
uzi mmoja, mwembamba kama unywele wa kichanga.
Fundi alisema: itupe.
Nikamshukuru, nikaitia mfuko wa ndani wa koti
ipate joto.

Kwani Januari ya Mustvee haina masihara.
Grisi ya kale huganda, pete hugoma kuzunguka,
nami huikanda kwa vidole kama ninayemwamsha mgonjwa,
robo, nusu, kidogo tena,
mpaka mbetula ajivue ukungu
asimame, gome kwa gome.
Hakuna mlio wa kuniambia tayari.
Jicho ndilo husema: hapo.
Basi, hapo.

Na theluji ni mwongo mwenye adabu.
Ukikisadiki kipimo, weupe wote huu wa pepepe
utarudi nao nyumbani kijivu,
maji yaliyooshewa sufuria.
Heldur ndiye aliyenionya: fungua tundu hatua moja zaidi,
nyeupe haiogopi mwanga, waoga ni sisi.
Kisha akapiga chafya, kunguru wake akaruka,
tukapata picha ya tawi.

Alhamisi tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba,
watu saba; wanne, barabara zikizibwa.
Kila mtu na bahasha yake.
Heldur huleta ziwa. Ziwa, na ziwa,
na safari moja uzio, tukampigia makofi.
Õnne, dereva wa basi la shule, alileta kituo
saa moja asubuhi, giza tititi,
watoto watatu na viakisi mwanga vikining'inia makotini:
lenzi yake ya Kijerumani imegeuza kila kimoja
kiputo cha sabuni.
Rasmus, ambaye huongea mara mbili kwa mwaka,
aliweka mezani glavu juu ya jiko.
Hakusema neno.
Chumba kizima tukasikia harufu ya sufi mbichi.

Mimi nilileta aibu.
Maimu wa jirani, langoni, anamwaga majivu kwenye utelezi,
na mkono wangu uliokufa ganzi
ukalenga ndoo badala ya uso.
Ndoo inaonekana hadi kutu, hadi bonyeo ubavuni.
Maimu ni wingu lililojifunga kitambaa.

Nilimpelekea ili nimwombe radhi.
Akaisogeza dirishani, akaitenga na macho, akaisogeza tena.
Huyu si mimi, alisema.
Lakini ndoo ni yangu. Hili bonyeo ni la Arvo,
ile siku alipoteleza akaiangukia,
akalala pale pale anacheka, nami nacheka,
hatujajua bado kwamba nyonga imekwenda.
Hakuuliza kama ninampa.
Sasa imebanwa juu ya redio yake, karibu na bili ya umeme.

Pete ya lenzi ina namba zake:
mita moja, ya nyuso;
tatu, ya malango;
mwishoni kabisa nane iliyolala ubavu,
ambayo maana yake ni kule macho yanakochoka.
Jana nilishuka ziwani nikaizungusha hadi ikagota.
Peipsi nyeupe, mbingu nyeupe, mshono hauonekani,
na katikati nukta:
mtu anasukuma kigari cha barafu, mguu mmoja, mguu mmoja,
anatoka wapi sijui.
Kuvu likalidaka jua, likamzungushia uzi.

Nikabonyeza.
Nikairudisha pete hadi mita moja,
nikapuliza vidole.