Jalada la Karatasi

"Nikuvalishie jalada?" huuliza Mitsuyo,
ingawa jibu analijua tangu misimu miwili ya theluji.
Huikunja karatasi ya kaki, ukingo kwa ukingo,
kama anayemvika mtoto sweta mlangoni,
na kitabu changu hutoka dukani hakina uso.

Ndani ya treni ya saa moja kasoro dakika kumi, Takaoka,
wengi wetu tumeshika karatasi hiyo hiyo.
Huenda yule anasoma sheria. Huenda yule anasoma maombi.
Mimi nasoma manga: habari za fundi saa kipofu,
nywele zake za wino zimesimama hata upepo usipokuwapo,
anayetengeneza saa za waliokufa
ili jamaa zao wajue huko ni saa ngapi.
Nina miaka hamsini na mmoja. Nakagua kodi za watu.

Mchana, ofisini, Nagasawa hufungua kisanduku chake cha chakula,
kisha huwafungulia mdomo "watu wale":
miwani ya vumbi, jasho la juzi,
shati limechomekwa hadi kwapani,
yumo chumbani kwa mama yake, kachumbia mto.
Tunacheka. Mimi huchelewa kidogo,
kama mtu anayeufuata wimbo wa shule aliousahau.
Natafuna figili. Figili hunisaidia: ina kelele.

Juzi kwenye taarifa ya habari walimkamata mwizi wa baiskeli.
Kamera ilikawia kwenye rafu yake,
ikapita manga kwa manga, polepole, kama inayohesabu maiti.
Palikuwa pia na sufuria ya umeme ya wali, nyekundu,
sawa na yangu, sawa na ya Nagasawa.
Hiyo haikushtakiwa.

Lakini nisijisafishe mno.
Yapo ya kweli. Sipendi karamu.
Mjomba alipofariki nilikuwa mkavu, nikigawa chai;
fundi saa alipompoteza mwanafunzi wake,
kitabu cha kumi na tisa, ukurasa usio na neno hata moja,
nililia hadi nikashuka kituo kisicho changu,
nikasimama thelujini na viatu vya ofisini.
Na kwenye ufunguo wangu kunaning'inia kisaa cha plastiki
ambacho hakijawahi kutaja saa.

Nao mashabiki wenyewe, je?
Kijana mmoja, kwenye foleni huko Kanazawa,
aliziangalia mvi zangu, akainama kwa adabu:
"Unamnunulia mwanao?"
Nikasema ndiyo.
Sina mtoto.
Nilimtunga pale pale, nikampa jina, Haruomi,
nikampa na mafua, ndiyo maana hakuja mwenyewe.
Njia nzima ya kurudi nilimwonea huruma.

Husemwa mficha uchi hazai.
Mimi nimeficha, na nimezaa:
Haruomi, wa foleni, mwenye mafua.

Leo Mitsuyo ameuliza tena. Kitabu cha ishirini na tatu.
Mkono wake ulishaigusa karatasi.
"Acha," nikasema. Akashtuka kuliko mimi.

Treni haikusimama. Msichana wa shule alilala mdomo wazi.
Mzee alikitazama kitabu, akatazama theluji, akachagua theluji.
Nilikuwa nimejiandalia hotuba; ikaniozea mdomoni.

Mchana nikakilaza mezani, kando ya figili,
uso juu, fundi saa na macho yake meupe.
Nagasawa akasimamisha vijiti.
Nikangoja mto, nikangoja jasho, nikangoja chumba cha mama.
"Kipofu?" akasema. "Na vile vigurudumu vidogo, anavijuaje?"
"Kwa ukucha," nikasema. "Wa kidole gumba."

Hakucheka. Wala hakuniomba radhi,
na kesho huenda akarudia yale yale.
Alifumba macho kidogo,
akapitisha ukucha kwenye zipu ya mkoba wake,
jino kwa jino,
akihesabu.