Mishono ya Shoto

Alhamisi saa nane mchana, mvua ni ile ya Wales,
isiyonyesha wala kukatika.
Mlango wa ukumbi nyuma ya kanisa umekwama.
Tegwen anaupiga teke palepale
alipoupiga mama yake.

Meza tatu, viti kumi na sita, watu tisa.
Hita inanuka vumbi lililoungua.
Mimi ndiye mweka hazina: kopo la biskuti,
ndani yake pauni thelathini na nne, kifungo kimoja,
na risiti ya nyuzi ya mwaka juzi
ambayo hakuna anayeikubali.

Mwaka huu tunatarizi pambo la ukuta wa maktaba,
bonde letu zima juu ya kitani:
mto, reli iliyong'olewa,
mlima waliotoboa babu zetu wakitafuta makaa,
na kondoo. Kondoo wengi mno.
Asiyejua atarizi nini hutarizi kondoo.

Eluned hakubali mto uwe wa buluu.
"Tangu lini?" anauliza, miwani puani.
"Utotoni mwangu ulikuwa mweusi kama chai ya juzi."
Wiki mbili tukabishana juu ya rangi ya maji,
tukanunua vibunda kumi na kimoja vya uzi wa kijivu,
na sasa mto unapita katikati
kama mtu asiyetaka kutazamwa.

Sindano ikianguka, Bwana Ifor ndiye huinama,
yeye na sumaku yake na goti lake la chuma.
Mtaka cha mvunguni, tunamwambia,
naye hujibu kutoka huko chini:
sharti nimelitimiza, sasa nani ataniinua?

Nerys hakuwa msemaji.
Alikaa dirishani, hita mgongoni,
subana ya shaba kwenye kidole cha kushoto,
maana alikuwa na shoto.
Shuleni waliufunga mkono ule kwa utepe,
kwa wema, walisema.
Akaandika kwa kulia maisha yake yote.
Kutarizi hakufundishwa na mtu,
kwa hiyo hakuna aliyemfunga.

Kipande chake kilikuwa Mtaa wa Bethania,
nyumba ishirini na mbili zilizoshikana mabega,
kila mlango na rangi yake.
Alifika nyumba ya kumi na nne.
Mwezi wa pili tukamzika.
Mwanawe akakileta ndani ya mfuko wa duka la mikate,
sindano bado imechomekwa,
uzi mwekundu ukining'inia kwenye nusu ya mlango.

Wiki tatu kililala mezani.
Tulikizunguka na vikombe vyetu.
Kisha nikakichukua mimi, mshono wangu si mbaya,
nikaumaliza mlango ule mwekundu,
nikaanza nyumba ya kumi na tano.

Ndipo nikaona.
Mishono yake yote imelalia kule, yangu imelalia huku,
kama nyasi za uwanja upepo unapogeuka.
Pale mlangoni mtaa unavunjika kiuno.

Nikafumua. Nikajaribu kwa kushoto:
nikajichoma, nikatia doa la damu kwenye paa la mtu,
nikatukana, tena nyumbani mwa Mungu.
Nikageuza fremu juu chini; mshono ni uleule.

Tegwen alinitazama mpaka chai yake ikapoa.
"Unataka kuwadanganya watu wa maktaba
kwamba mtaa huu ulijengwa na mtu mmoja?"

Nikaacha. Nyumba nane ni zangu, na zinaonekana.
Jua, likipatikana, likiingia kwa dirisha lile,
nyuzi zake hung'aa kwanza, zangu zingali kivulini.
Baadaye zamu hubadilika.

Sindano yake iko koponi na kile kifungo.
Nimeiandika kwenye daftari la hesabu: sindano, moja.
Safu ya thamani nimeiacha wazi.

Bwana Ifor ametarizi kondoo mwenye miguu mitano.
Hilo nalo, Alhamisi.