Kilo Mbili na Robo

Jana usiku nilimkata kucha Pestka,
jina ambalo kwa Kipolandi ni kokwa,
kokwa ya cheri, maana siku anakuja kwangu
alienea mfukoni mwa koti la marehemu.

Asubuhi nikampima kwa mizani ya unga:
kilo mbili na robo,
pamoja na kutetemeka kwake.

Łódź, theluji ya Machi, chafu kama maji ya deki.
Daktari Halszka akauliza, mara ya mwisho ilikuwaje?
Uso ulimuumuka kama andazi, nikasema.
Akaandika. Basi leo moja tu, ya kichaa cha mbwa,
nyingine baada ya wiki tatu.

Sindano ikaingia. Pestka hakulia.
Aliyelia ni nani, tusiulizane.

Tukangoja nusu saa kwenye benchi la zahanati,
nikihesabu pumzi zake kwa saa ya Bogumił,
ile iliyoendelea kutembea
asubuhi ambayo mwenyewe hakuamka.

Nyumbani nikamfunua ufizi: wa waridi bado.
Nikampapasa tumbo, nikitafuta vipele.
Saa nane kalala. Saa kumi kalala.
Usingizi ule nikauogopa, nikapiga simu.
"Uchovu tu huo, Bi Kunegunda.
Na wewe, umekula?"

Sikuwa nimekula.
Nikakaanga soseji, nikageuka kuchukua chumvi,
nikarudi sahani ni nyeupe.

Kwenye bahasha ya bili ya umeme nikaandika:
Saa moja usiku. Hakuna uvimbe.
Hakuna kutapika.
Mwizi.