Mkwangua Kutu

Baba alikwangua kutu miaka thelathini na miwili
kwenye karakana ya meli, Turku.
Jioni alirudi na vumbi jekundu ndani ya nyusi,
mama akimzuia mlangoni: koti nje, Taisto, koti nje,
nasi watoto tukivuta hewa ile yenye ladha ya sarafu.

Sasa kikombe cha kahawa kinacheza mkononi mwake.
Si yeye anayekichezesha.
Kijiko kinagonga kisahani, kinagonga, kinagonga,
naye anakitazama kama mtu aliyesikia hodi
asijue kama afungue.

Nami nina visahani vyangu.
Ghorofa ya nne, saa kumi alasiri, Novemba imekwisha zima taa:
nazilisha seli za neva, kisha nazidondoshea tone
la maji yaliyobeba oksijeni moja ya ziada.
Moja tu. Nakaa kwenye kiti kibovu
nikingoja ziamue.

Maana seli nayo ina mlinzi.
Amemshika mjumbe mkono, hamwachii,
anamkabidhi kwa wachinjaji kabla hajafika popote;
mwingine huzaliwa, hushikwa, huliwa,
na hiyo ndiyo gharama ya siku isiyo na habari.
Mpaka cheche itue kwenye vidole vya mlinzi,
pale penye salfa, aungue, aachie.
Hapo mjumbe hukimbia hadi kiini,
hufungua kurasa zilizokunjwa, husoma kwa sauti:
leteni maji, leteni mchanga,
mafundi waamshwe usiku huu huu.
Nimeliona hilo. Huwaka kijani chini ya lenzi,
na baada ya miaka kumi na moja
bado huniinua kitini.

Nimeliona na lile jingine.
Cheche zikizidi, kinu cha nguvu hupasuka utando,
na protini moja, kibarua mwaminifu wa kinu tangu siku ya kwanza,
hutoka nje. Huko nje jina lake ni hukumu.
Seli haipigi kelele.
Hujikunja, hujifunga vifurushi vidogo
ili jirani wavimeze bila kuchafuka,
kama mpangaji afagiaye chumba kabla ya kuhama.

Kichwani mwa baba, mahali fulani peusi,
seli zenye wino wake zilikuwa zikifagia vyumba
miaka mingi kabla kijiko hakijagonga.

Shangazi Hilppa ameleta chupa ya vidonge
vya beri za msituni. Huzuia kutu mwilini, imeandikwa hapa.
Baba akacheka hadi akakohoa:
"Meli hainywi rangi, Hilppa. Rangi hupakwa."

Nikacheka nao, nikakimeza nilichokijua:
kwamba cheche kidogo ni salamu,
na seli isiyopata cheche hata moja ni kiziwi;
kwamba mjumbe yule yule ninayemwombea ndani ya baba
ndiye aliyemlinda adui ndani ya pafu la mama.
Uvimbe ulimvunja mlinzi mikono,
mjumbe akabaki huru usiku na mchana,
na kila dawa tuliyoimimina
akaizima, hodari, kama alivyofundishwa.
Basi niombe nini? Mkono ushike, au uachie?
Na nani atauambia ni nyumba ya nani?

Jana aliniuliza, bila kuinua macho:
"Zako leo zimeamuaje?"
Sitini katika mia zimebaki, nikasema.
Akaandika hesabu mezani kwa kidole kisichotulia.
"Si haba. Sisi tulikuwa tukimaliza ubavu wa kulia,
wa kushoto umeshaanza."

Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili,
akangoja mtetemo upite, kama angojavyo mtu
treni ndefu ya mizigo njia panda,
akanywa.