Tundu la Redio

Siku ya ishirini na tatu niliing'oa redio ya gari
kwa bisibisi ya Humaid wa duka la betri, Wadi Kabir.
Hakuniuliza. Alinipa na kitambaa cha kufutia jasho.
Sasa dashibodi ina tundu la mraba,
nyaya mbili zimechomoza kama ndevu za kambale,
na humo natia risiti za maegesho, kokwa za tende,
tasbihi aliyoisahau abiria.

Watu hudhani kiu hukaa kooni.
Koo mimi nimeshalizoesha: laban asubuhi, karak adhuhuri,
maji, maji, maji, tumbo linacheza kama kiriba.
Kiu yangu ilihama.
Imepanga chumba sikioni, haina mkataba, hailipi kodi,
na fidla ikikohoa mtaa wa pili
ndiyo inayokimbilia kufungua mlango.

Palikuwa na hoteli Ruwi. Ngazi za kushuka,
zulia lenye harufu ya unyevu na sigara,
na Mgoa mmoja, Anselmo, mpiga kinanda.
Badru bin Khelef alimfundisha kwa mluzi
wimbo wa harusi ya mama yake,
uliovuka kwa kaseti iliyoviringwa ndani ya kanga.
Anselmo akaushika bila maneno, neno lenyewe angelitoa wapi.
Kila Alhamisi saa nne tunampa riali moja,
naye anaanza, nasi tunaanza.
Ubeti wa kwanza, glasi ya kwanza.
Kiitikio, ya pili.
Huko mbele sikumbuki. Nakumbuka zulia tu, kwa karibu.

Jana, taa nyekundu ya Ghala, joto arubaini na sita,
gari la ubavuni limeshusha kioo
(nani anashusha kioo mwezi wa sita?)
na humo ukatoka. Wenyewe. Na maneno yake.
Mate yakanijaa kama mtu aliyeonyeshwa ndimu.
Mkono ukaenda kuzima redio isiyokuwepo,
ukaingia tunduni, ukarudi na kokwa.
Nikaitia mdomoni. Nikaifyonza, kavu vile vile,
mpaka taa ikageuka, na wa nyuma akapiga honi,
na honi, na honi,
na Mungu amlipe kwa honi ile.

Nyumbani, Zuweina anapiga pasi kanzu zangu.
Namsikia tangu ngazini, anaimba chini kwa chini.
Nikatia ufunguo, akanyamaza.

Nilisimama na viatu mkononi.
Siku arubaini na moja nikidhani ni mimi ninayefunga;
kumbe nyumba nzima imefunga nami.
Thureya anacheza dansi chumbani na vidude masikioni,
kama bubu anayegombana na ukuta.
Harusi ya Al-Khoud tuliondoka kabla ya ngoma.
Na mwanamke huyu, ambaye ni sauti yake iliyonipelekesha posa,
anajikata ulimi akisikia chuma kwenye kitasa.

"Malizia," nikamwambia.
"Nimalizie nini?"
"Hicho ulichokikata."
Akanitazama vile anavyojaribu pasi,
kwa ncha ya kidole kilicholowa.
Kisha akaimba.
Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.
Ubeti wa kwanza ulinipita kwenye jino bovu.
Kiitikio, jasho, na kiyoyozi kinaunguruma.
Wa pili. Wa tatu.
Ukaja wa nne, nao sikuwa nimewahi kuusikia,
miaka kumi na moja nautolea riali sijawahi kuufikia:
bibi harusi amesahau kiatu kimoja kwao,
anarudi kukifuata, anamkuta mbuzi anakitafuna.
Kumbe ni wimbo wa kuchekesha!
Zuweina alicheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Sisemi nimepona. Redio siirudishi.
Alhamisi nitazunguka njia ya mlimani, ya Amerat,
nisilione hata paa la hoteli ile.

Lakini leo nimepanda ngazi kwa vidole vya miguu,
funguo nimezifumbata kiganjani
zisilie.