Taa Nyekundu

Miaka saba Polandi, Twaiba karudi na maoni.
Kule, asema, jirani hakuamkui ngazini,
lakini ajuza usiyemjua atakukemea njiani
kwa kutovaa kofia.
Daktari wamngoja miezi; treni yaja kwa dakika.
Na serikali? Waitukana jikoni,
kwa chai ya ndimu isiyo maziwa,
kama sisi hapa Majengo tunavyoitukana yetu,
ila wao hunong'ona kwanza, kisha hupiga meza.

"Basi kwao ni kwenu sasa?" shangazi auliza.
Twaiba apuliza chai.

Usiku, tukitoka harusini, Barabara ya Digo tupu,
hata paka hapiti.
Sote tulivuka.
Yeye akabaki ng'ambo, viatu mkononi,
akingoja kijani
kama mgeni.