Maduara Kumi na Moja

Aliniletea jipiesi ndani ya mfuko wa mkate,
Injinia Bahizire, mwenye mashua nyeupe kule Muhumba,
ile inayotoka siku ya Yenga baada ya misa
na friji, na spika, na mashemeji kutoka Uvira.
"Fundi Nzigire, imekataa kuwaka.
Iwashe. Kisha ufute yote yaliyomo."

Kibanda changu kiko Nyawera, upande wa juu wa barabara,
kati ya muuza vocha na mshona viatu.
Nimefufua humo simu zilizoanguka chooni,
redio ya paroko,
na kipima-kina cha Mbelgiji mmoja aliyehama
kilichosoma mita sifuri miaka miwili
kwa sababu panya alikula waya.
Watu husema maji ya Kivu hayana chumvi.
Kweli. Yana subira.

Skrubu nne. Mpira wa kuzuia maji
ulikuwa umepindwa na mtu mwenye haraka.
Nikasugua miguu ya bateri kwa ndimu na mswaki,
nikapuliza, nikakausha chini ya taa,
na Snel, kwa huruma yake, haikukata umeme.

Ikawaka.
Ikahesabu setilaiti: tatu, tano, nane.
Kisha ramani, na juu ya ramani uzi wa safari:
kutoka gatini Muhumba, umenyooka, umepita rasi,
ukasimama Ibinja saa nne nzima,
nyama choma, nadhani, na bia.
Kisha kurudi. Usiku, saa tatu na dakika kumi.
Kisha uzi unajikunja.
Duara. Duara pana zaidi. Duara.
Niliyahesabu kwa ncha ya bisibisi: kumi na moja.

Kipo kitufe chekundu ubavuni mwa kifaa hicho.
Kina kazi moja tu: mtu akianguka majini, unakiminya,
nacho kinapakumbuka mahali hapo.
Alama ilikuwepo, katikati ya maduara yote:
kijitu kidogo, mikono juu.
Lakini nyuma yake, hatua mia nne,
uzi ulikuwa na kona ndogo, kama mshono ulioruka,
pale mashua ilipoyumba.
Hatua mia nne za kupiga kelele
kabla ya mmoja wao kukumbuka kidole chake.
Wakatafuta kwa uaminifu mahali pasipo.

"Na majile?" nikauliza, bila kuinua kichwa.
"Yapo sita. Chini ya kiti.
Bado yamo kwenye nailoni yake.
Madamu hakutaka yapauke."

Baada ya duara la mwisho uzi ulikwenda kaskazini,
huko wavuvi wa sambaza huwasha taa zao,
ukakaa nusu saa,
ukarudi nyumbani polepole mno.
Hakuna anayeendesha hivyo
akiwa amebeba mtu wa kuwahishwa hospitali.

Niliandika nambari za ile kona
nyuma ya risiti ya waya:
kusini, digrii mbili, dakika ishirini na tatu.
Sijui kwa ajili ya nani.
Kisha nikafuta. Kifaa kikaniuliza: Una hakika?
Injinia alikuwa akimtazama mshona viatu.
Nikajibu mimi.

Alilipa. Hakuomba nipunguze hata faranga.
Alipokuwa akirudisha ule mfuko wa mkate
nilimshika mkono, mzito, wenye pete,
nikaweka dole gumba lake juu ya kitufe.
"Funga macho," nikamwambia. "Minya."
Akaminya.
"Tena. Sasa geuza kifaa. Tafuta. Minya."

Pikipiki zilipita, muuza vocha akauliza mnacheza nini,
naye alisimama pale, macho yamefungwa,
suti yake ya ofisini, kidole kikijifunza,
na kila alipominya kijitu kilizaliwa kwenye kioo,
mikono juu, katikati ya Nyawera,
tena, na tena, palepale,
hakuna hata hatua moja ya makosa.